Nina miaka 43: nirudi Mlimani kusoma uzamili?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Singida, nafundisha Historia na Kiingereza. Nilihitimu shahada ya kwanza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2006 kwa GPA ya 3.3, na tangu hapo sijakaa tena upande wa wanafunzi. Nina miaka 43, mume na watoto watatu. Wa mwisho yuko darasa la tatu. Natamani kusoma uzamili wa elimu, na natamani niende mwenyewe darasani, si kusomea kwenye simu. Wenzangu wananiambia nijiunge na Chuo Kikuu Huria nibaki hapahapa. Mume anasema "amua mwenyewe". Hofu yangu kubwa ni kichwa: usiku nikisoma kurasa mbili nasinzia. Halafu nitakaa na vijana wa miaka 25, rika la niliowafundisha. Je, nimechelewa?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hujachelewa. Nalisema mapema ili tulimalize, maana barua yako imetumia nguvu nyingi kuogopa jambo ambalo halitakuangusha, na lile linalowaangusha watu wa umri wako hukuligusa hata kwa neno moja.

Nimeratibu wanafunzi wa uzamili kwa zaidi ya miaka 20, na mimi mwenyewe nilirudi darasani nikiwa na miaka 41, kitinda mimba wangu yuko chekechea. Watu wazima niliowaona wakidisko, yaani wakiondolewa chuoni, kwa kufeli mitihani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Walionipotelea mwaka wa pili, wamemaliza kozi zote kwa alama nzuri kabisa, wakarudi nyumbani "kuandika", hao sina vidole vya kuwatosha. Mtu anaondoka Dar na sura ya kwanza kwenye flashi. Anafika anakuta shule ina upungufu wa walimu, mkuu wa shule anamwomba ashike vipindi vichache tu kwa kuwa "si upo upo". Msiba huku, mahafali kule, mvua imeanza, shamba linasubiri. Mwaka unakwisha flashi haijachomekwa popote. Kwa hiyo nitazijibu hofu zako kwa haraka kidogo, halafu tukae kwenye hilo.

Kichwa kwanza. Ni kweli kasi ya ubongo kuchakata jambo jipya hupungua na umri, lakini huanza kupungua mtu akiwa bado kwenye miaka ya 20, yaani hata hao vijana unaowaogopa imeshaanza kuwapungua. Msamiati, na uwezo wa kulishika jambo jipya kwa kuliegemeza kwenye uliyokwishayajua, vyenyewe huendelea kukua hadi uzeeni. Uzamili wa elimu unapima zaidi hicho cha pili. Unaposinzia ukurasa wa pili, mimi naona sababu mbili zisizohusu akili. Unasoma saa nne usiku baada ya kusahihisha madaftari ya mikondo mitatu. Hata mtoto wa miaka 20 angelala. Na macho: ukishavuka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yanakuchosha kabla hujatambua kuwa ni macho yanayochoka. Kapime macho kabla hujajaza fomu yoyote. Niliwahi kumpokea mwanafunzi mtu mzima ofisini analia kwamba akili imegoma. Alirudi wiki ya pili na miwani ya kusomea, na habari ya akili haikutajwa tena.

Kingine ni jinsi unavyosoma. Sisi wa zamani tulizoea kulisoma desa, yale makaratasi ya notsi, mara nne, mara tano, mpaka kurasa zinalainika. Mwaka 2006, mwaka uleule uliohitimu, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo hadi leo nawasimulia wanafunzi wangu wiki ya kwanza. Kundi moja lilisoma kifungu vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya wiki moja, kundi la kwanza lilikumbuka kama asilimia 40, la pili kama asilimia 61. Utamu wa jaribio hilo uko hapa: dakika 5 tu baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana njia mbaya inatudanganya miaka yote. Inampa mtu raha ya kuona ameelewa. Basi soma kurasa zako mbili, funika, andika kwa maneno yako mwenyewe kilichosemwa, hata kwa Kiswahili, kisha lala bila kujilaumu.

Sasa vijana. Wewe ni mwalimu wa Historia, nikukumbushe historia ya hapo unapotaka kwenda. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia Mlimani moja kwa moja. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi angalau miaka 2, ndipo aombe, tena kwa barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Masharti yalikuja kulegezwa kwa wasichana baada ya idadi yao kushuka, na baadaye utaratibu wenyewe ukaachwa. Lakini kwa miaka kadhaa, mwanachuo mwenye mke, watoto na dawati lake kazini hakuwa kioja Mlimani. Ile picha ya kwamba chuo ni mahali pa vijana tu ni ngeni kuliko tunavyodhani. Na mtu akikutajia mzee Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mshukuru kisha uendelee na shughuli zako. Maruge alikuwa mtu wa ajabu. Wewe huna ajabu yoyote. Wewe ni mfanyakazi anayeongeza ujuzi wa kazi yake.

Isitoshe, vijana hao watakufaa. Watakuita "mama" siku mbili za kwanza, ya tatu watakuingiza kwenye kundi la WhatsApp, na ya nne watataka uwaeleze darasa la wanafunzi 80 linaendeshwaje, kwa sababu wao wametoka shahada ya kwanza wakaingia uzamili moja kwa moja na darasa wameliona kwenye mazoezi ya kufundisha tu. Wao watakuonyesha jinsi ya kutumia Zotero kupanga marejeo, programu ya bure itakayokuokolea siku nyingi za kuhangaika na nukta na mabano. Hapo mmelipana.

Kuhusu Chuo Kikuu Huria, sikubaliani na wanaokizungumzia kama chuo cha daraja la pili. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kimewapa shahada watu ambao wasingezipata kwa njia nyingine yoyote. Kama ungeniambia huwezi kabisa kutoka Singida, kwamba una mgonjwa ndani au mume yuko safarini mwaka mzima, ningekuelekeza huko na jibu langu lingeishia hapo. Lakini umesema unataka kwenda mwenyewe, nami nakuuliza: unakwenda kufuata nini? Kama ni kusikiliza mihadhara, usihangaike. Slaidi zitakufuata kwenye simu ulipo. Kisichokufuata ni kimbweta. Unavikumbuka vimbweta, ile meza ya zege chini ya mti, watu watano wanabishania swali moja la semina hadi giza linaingia? Uzamili wa ana kwa ana uko pale, na kwenye korido baada ya kipindi, na kwenye vyumba ambamo wenzako wanatetea mapendekezo yao ya utafiti. Hudhuria utetezi wa kila mtu, hata wa idara nyingine, hata usioelewa mada. Kaa nyuma na daftari, andika maswali yanayoulizwa. Baada ya mara sita utaona maswali ni yaleyale: pengo liko wapi, kwa nini wilaya hiyo, sampuli umeipataje, nadharia inafanya kazi gani humo. Anayesomea mbali hukutana na maswali hayo siku ya utetezi wake mwenyewe.

Ulipoondoka, Mlimani City ilikuwa inajengwa. Leo kuna maktaba kubwa mpya iliyofunguliwa 2018, ada inalipwa kwa kontroli namba na si kwa foleni ya benki, basi la mkoani linakushusha Mbezi badala ya Ubungo, na wewe wa Singida unaweza kushukia Dodoma ukapanda treni ya umeme. Hayo utayazoea ndani ya wiki.

Kitakachochukua muda zaidi ni kuuvua ualimu. Nikueleze yaliyonikuta. Insha yangu ya kwanza ya uzamili niliiandika kwa kujiamini. Nilikuwa nimekwishaandika taarifa za kazi kwa miaka 15. Ilirudi na alama ambazo ningempa mwanafunzi wangu ningemwita na mzazi wake. Mhadhiri, mdogo kwangu kwa miaka 9, alikuwa ameandika pembeni swali moja, na amelirudia kila aya: "Nani kasema?" Nilikasirika siku mbili. Mimi nimesema! Mimi niliyefanya kazi hii wakati yeye yuko sekondari! Siku ya tatu niliisoma tena insha yangu, nikaona kweli: ilikuwa imejaa "ni wazi kwamba", "walimu wengi hawana ari", "wazazi hawashirikiani", sentensi za kikaoni, ambazo kikaoni hakuna anayezidai ushahidi kwa sababu wote tumechoka na tunataka kwenda nyumbani.

Hilo ndilo gumu la mtu mzima. Kijana hajui na anajua hajui. Sisi tunajua, na kujua kwenyewe kunatuzuia kuuliza. Miaka yako 19 ya darasani ni mali, ila ukiipeleka kama jibu itapigwa nyekundu kila aya. Ipeleke kama swali. Ukitaka kuandika "wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajui Kiingereza", jizuie, andika: nimeona nini hasa, lini, kwa wangapi, na nani mwingine ameliona akaliandika?

Hukutaja Kiingereza chenyewe, lakini kwa kuwa unakifundisha, nadhani unaona aibu kulisema: kuna Kiingereza cha kufundishia kidato cha pili na kuna cha kuandikia tasnifu, na cha pili kimelala. Kitaamka. Kuanzia leo hadi utakapoondoka, andika maneno 300 kila siku kwa Kiingereza juu ya jambo moja lililotokea darasani kwako. Usimwonyeshe mtu. Yasome kwa sauti. Panapokukwamisha ulimi ndipo penye kasoro. Na hizi programu za akili mnemba zinazoandika insha nzima kwa sekunde, zitumie kukuuliza maswali juu ya ulichokwishaandika, zisikuandikie. Vyuo vinapitisha kazi kwenye programu za kukagua, lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni kwamba siku ya utetezi utakuwa umesimama peke yako na sentensi ambazo hukuzifikiria.

Haya, mwaka wa pili.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, uzamili ni krediti 180 angalau, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Yaani saa 1,800. Ukizigawa kwa wiki 60 za masomo unapata saa 30 kila wiki, nje ya foleni za Dar, kufua na kupiga simu nyumbani. Katika kozi za darasani saa hizo hupati shida kuzipata, kwa sababu kuna ratiba, kuna asaimenti ya Ijumaa, kuna prezentesheni na aibu ya kusimama huna kitu. Kozi zikiisha, vyote hivyo vinaondolewa siku moja. Unabaki na msimamizi mmoja mwenye wanafunzi wengine 10, na tarehe ya mwisho iliyo mbali kiasi kwamba haitishi.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza kwa watu wazima, nayo naishikilia kwa ukali: usiondoke Dar kabla pendekezo lako halijatetewa, likasahihishwa na kukabidhiwa. Nitasikia "watoto wamenikumbuka", "pango la chumba linaisha". Nenda kawaone watoto wiki moja, kisha rudi. Anayerudi nyumbani na pendekezo lililopitishwa anarudi na kazi ya kukusanya data, na hiyo inafanyika hata ukiwa na vipindi. Anayerudi na pendekezo ambalo halijapita anarudi na wazo, na wazo halishindani na kengele ya shule.

Sheria hiyo haitawezekana ukianza kutafuta mada mwaka wa pili. Nenda nayo. Umeniandikia barua ya ukurasa mmoja na ndani yake, bila kujua, umeshataja mada: unafundisha Historia na unafundisha Kiingereza. Mtoto anatoka nyumbani anakozungumza Kinyaturu au Kinyiramba, amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na Historia inageuka Kiingereza. Kuna kozi ya mwanzo ya lugha, inapita. Baada ya hapo mwalimu anafanya nini hasa? Anaeleza biashara ya watumwa kwa lugha ipi, anabadili lugha wakati gani, anaandika nini ubaoni, na mtoto anaandika nini kwenye daftari? Wewe unalifanya jambo hilo kila siku na hujawahi kulitazama. Mada ya lugha ya kufundishia imeandikwa sana nchini, utaambiwa hivyo na ni kweli. Lakini maandiko mengi yanabishania lugha ipi itumike. Utafiti mdogo unaokaa nyuma ya madarasa manne na kuandika kinachosemwa kwa dakika 40, hakuna msimamizi makini atakayeukataa. Sikulazimishi mada hii. Nakuonyesha ukubwa unaofaa: shule mbili, walimu wanne, swali moja. Watu wazima hutaka utafiti utakaookoa elimu ya Tanzania nzima, ndio hao wanaobaki sura ya pili.

Tahadhari moja, wengi hawaambiwi mapema. Usifanye utafiti kwenye shule yako mwenyewe ukidhani umejirahisishia. Mwalimu mwenzako hawezi kukukatalia vizuri, na mwanafunzi unayemsahihishia mtihani hawezi kukukatalia kabisa. Ridhaa yao haitakuwa ridhaa, na wajumbe watakuuliza. Chukua shule za kata jirani. Huko nako huingii kwa kujuana: utabeba barua ya kibali kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, itashuka hadi wilayani, kwa mkurugenzi, kwa mkuu wa shule. Kila meza ina siku zake. Ipeleke kwa mkono, na usipange kukusanya data Novemba, shule zina mitihani.

Msimamizi mchague mapema pale unapopewa nafasi ya kupendekeza. Usimwangalie ukubwa wa jina. Waulize waliomaliza mwaka jana: sura moja anakaa nayo wiki ngapi? Hilo tu. Profesa maarufu anayekaa na sura miezi mitano ni hasara kwako kuliko mhadhiri kijana anayerudisha ndani ya wiki mbili na wekundu wa kutisha. Akiwa mdogo kwako kiumri, muite kwa cheo chake, mwandikie ujumbe mfupi, na usianze kikao kwa kumsimulia uzoefu wako. Mkikubaliana kuonana kila wiki ya pili, nenda hata siku ambayo hujaandika kitu. Wanaopotea huanza kupotea kwa kikao kimoja walichoona aibu kuhudhuria.

Fedha na ruhusa sasa, maana vinakwenda pamoja. Wewe ni mtumishi wa umma. Usiende kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wa shule. Kutokuwepo kazini siku 5 bila ruhusa kunatosha kukufungulia shauri la utoro ambalo mwisho wake unaweza kuwa kufukuzwa. Ombi lako la ruhusa ya masomo lipitie kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na uombe uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ukiruhusiwa rasmi, mshahara unaendelea, na huo ndio utakaokubeba wewe na nyumba. Ada ni habari nyingine. Bodi ya Mikopo imewekwa hasa kwa shahada ya kwanza, usiijengee matumaini. Halmashauri ikikugharamia, itakutaka usaini kurudi kuitumikia kwa muda. Soma mkataba huo wote. Isipokugharamia, ukweli ni akiba, na mimi ningekushauri uchelewe mwaka mmoja ukiwa na ada yote mkononi kuliko uende na nusu. Mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara, kwa mtu mwenye watoto watatu shuleni, siupendi. Na kabla ya yote muulize afisa utumishi, kwa maandishi, uzamili huu unabadili nini kwenye muundo wako wa utumishi. Kuna walimu waliorudi na shahada wakakuta mshahara uko palepale, na uchungu waliokuja nao ungeweza kuepukwa kwa swali moja.

Chumba tafuta Changanyikeni au Survey, utembee kwa miguu. Vyumba vya Kimara ni nafuu, lakini saa mbili barabarani kila siku ni saa 10 kwa wiki, theluthi ya zile 30.

Nimeliacha la mume kwa makusudi. "Amua mwenyewe" si ruhusa, dada yangu, na wewe unajua. Ni mlango ulioachwa wazi ili siku mambo yakiharibika aseme hakuwemo. Usimlaumu, pengine hajui anaulizwa nini. Ukimuuliza "nisome?" umemuuliza jambo la jumla, naye amekujibu kwa jumla. Muulize mambo madogo, moja moja, mbele ya kalenda. Nani atakagua madaftari ya mtoto wa darasa la tatu siku za wiki? Mama mkwe anaweza kuja kukaa, na yeye ameulizwa? Mtoto akiugua malaria usiku, nani anaamua nije au nisije? Nirudi kila baada ya wiki ngapi, kwa nauli ya nani? Msiba upi unanitoa chuoni na upi natuma rambirambi? La mwisho hilo msilipite. Mwanamke mtu mzima anatolewa darasani na misiba kuliko na kitu kingine chochote, na asiyeweka mpaka mapema huwekewa na ukoo. Mkiyajibu hayo mawili matatu kila jioni kwa wiki mbili, mtakuwa mmeamua, na mtakuwa mmeamua wawili. Watoto nao waambie wenyewe, wasisikie kwa jirani. Mkubwa mpe kazi yenye jina.

Mimi mwaka ule nilikuwa nawapigia wangu saa moja na nusu jioni kila siku, dakika 10, bila kukosa, na nilikuwa nawasomea nilichoandika siku hiyo. Hawakuelewa chochote. Kitinda mimba alikuwa anauliza tu: "Imefika ukurasa wa ngapi?" Sijawahi kupata msimamizi mkali kama yeye.

Mwisho ni makaratasi, maana hapo ndipo watu wazima wanapokosa dirisha la maombi wakati vijana wanapita. GPA yako ya 3.3 inatosha, kiwango cha kawaida cha kuingilia ni daraja la pili, linaloanzia 2.7. Jina ndilo la kuangalia. Kama vyeti vinasoma jina la baba na kitambulisho cha taifa kinasoma la mume, shughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina sasa, si wiki ya kufunga maombi. Nakala ya matokeo ya chuo, ile yenye kozi zote, itafute ndani ya sanduku leo. Ikiwa imeliwa na mchwa, kuomba nyingine kuna mlolongo wake. Wadhamini wa kitaaluma ni kikwazo kingine: waliokufundisha 2006 wamestaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Waandikie waliobaki, uwatajie kozi na mwaka, uambatishe nakala ya matokeo na lile swali lako la utafiti kwa ukurasa mmoja, ili wawe na cha kuandika. Mdhamini mmoja anaweza kuwa mkuu wa shule au mdhibiti ubora anayeifahamu kazi yako.

Barua ya kwa mkurugenzi ianze kabla halmashauri haijafunga bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Peleka nakala mbili. Moja waache, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani, uiweke pamoja na vyeti.